Jogoo Aliyevua Kichwa

Mzee aliyenifundisha kuchora katuni hana imani na kompyuta. Mimi sikuwa na imani na penseli. Tukabishana mpaka tukapeana kazi: kila mtu atengeneze sekunde 10 za jogoo anayetembea, anavua kofia, anaamkia watu. Sharti ni moja, awe wa mtindo wa katuni za miaka ya 1920, zile ambazo mikono haina viwiko wala miguu haina magoti, yote inapinda kama mpira wa kumwagilia maji.

Mzee akapiga hesabu. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Kila mchoro ukikaa fremu mbili, ni michoro 12 kwa sekunde, yaani karatasi 120. Nilicheka! Mimi ningechora jogoo mmoja tu, nimkate vipande, nimuunge viungo ndani ya programu, kisha nimchezeshe kama kikaragosi. Jioni kazi imekwisha.

Jioni ikafika, bawa likapinda katikati kama kijiti kilichovunjika. Kwenye programu, kinachosogeza kiungo ni kipande kigumu kiitwacho mfupa; ukiweka mfupa, umeweka na kiwiko, utake usitake. Nikaongeza mifupa ili mpindo ulainike. Mifupa ikafika tisa, kwa kiungo kinachotakiwa kisiwe na mfupa hata mmoja! Siku ya nne bado naunga. Mzee yuko kwenye meza yake ya taa, ile inayomulika karatasi kutoka chini, anapekua karatasi kwa vidole aone mwendo, anafuta, anachora tena.

Siku ya kuonyesha walikuja wachoraji wenzetu. Nikatangulia, kwa kimbelembele changu. Jogoo akaingia kwa madaha, akasimama. Bawa likapanda, likashika kofia, likainua.

Kichwa nacho kikaenda.

Nilitakiwa kufunga kofia kwenye kichwa. Usiku ule, macho mazito, nilifunga kichwa kwenye kofia, na kompyuta haina ubishi: kofia ikienda, kichwa kinafuata. Shingo ikabaki wima peke yake. Kule juu mdomo unafunguka na kufumba, na sauti yangu niliyoirekodi inasema, "Shikamooni!"

Aliyeitikia ni mzee tu. "Marahaba. Wenzake huvua kofia, huyu kavua kichwa. Adabu imezidi."

Nikakimbilia kurekebisha palepale mbele ya projekta, jasho linanitoka. Nikabonyeza. Safari hii kichwa kimeganda kwenye mguu, kila hatua kinapigwa sakafuni, na bado kinatabasamu.

Ikaja zamu ya mzee. Kofia yake ilivutika ikawa ndefu, ikachomoka, kichwa kikabonyea kidogo kisha kikajaa tena. Penseli haiulizi kipi kimefungwa kwa kipi. Kwa wivu nikatafuta kosa, nikalipata.

"Mzee, kuna mchoro mmoja jogoo wako hana mdomo!"

Akachomoa karatasi ya 61, akachora mdomo, akapuliza vumbi la ufutio. Mimi programu ilikuwa ingali inaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko.