Nusu au Nzima, Tamu au Kali

Mimi ni mtu wa boflo. Ngamiani, Tanga, nilikokulia, ukitumwa dukani unasema neno moja tu, "boflo", mwenye duka anakufungia kwenye gazeti, unampa hela yake, unatoka mbio. Hakuna anayekuhoji. Leo huu mwaka wa tisa niko Philadelphia, dereva wa tela, na kununua mkate wenye kitu ndani kumekuwa kama kwenda kuomba viza.

Hapa mkate huo wanauita hoagie. Tamka "hogi". Ni mkate mrefu, toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, unapasuliwa ubavu, unashindiliwa nyama baridi zilizokatwa nyembamba mpaka unaweza kusomea gazeti upande wa pili, jibini la provolone, saladi iliyochambuliwa kama nyuzi, nyanya, vitunguu, halafu mafuta na oregano, majani makavu ya kiungo, juu. Mwaka 1992 meya wao, Ed Rendell, akautangaza kuwa ndio sandwichi rasmi ya mji. Rasmi! Hebu Tanga watangaze kitafunwa rasmi, uone watu watakavyonuniana mpaka misibani.

Basi ingia dukani. Foleni imefika barabarani. Nyuma ya kaunta kuna mzee kifua pipa, ana haraka utadhani meli inamwacha.

"Nusu au nzima?"

Nzima.

"Provolone kali au ya kawaida?"

Ya kawaida.

"Mafuta au mayonezi? Pilipili tamu au kali? Vitunguu? Oregano?"

Jamani, mke wangu nilipomposa sikuulizwa hivi, na baba yake alikuwa polisi. Halafu ukisita kidogo tu, nyuma yako watu wanaanza kuhema. Siku moja nikachoka, nikamjibu kwa sauti ya kiume, "Weka kila kitu," nisionekane mgeni. Akaweka vile vipilipili vya mviringo vya kwenye siki. Ukali wenyewe si kitu, pilipili mbuzi tumekua nayo. Lakini siki ile ikapita njia ya pua. Nimeendesha maili arobaini nalia kama nimefiwa, na polisi wa barabarani aliponipita akapunguza mwendo kunitazama.

Ningekuwa nakaa mji mmoja ningezoea. Kazi yangu mimi ni barabara kuu namba 95, juu chini, juu chini, na kila ukivuka jimbo mkate ule ule umebadili jina kama mdaiwa. Portland, kule Maine, unaitwa Muitaliano. Unasimama kaunta unasema, "Nipe Muitaliano mmoja," nafsi inakusuta. Connecticut wanauita grinder, yaani kinu cha kusagia. Wanasema ni kwa sababu mkate mgumu, meno yatasaga. Hapo angalau wameonya. Ukikaribia Yonkers unakuwa wedge. Wedge ni kabari, ndugu zangu. Kabari mimi naweka chini ya tairi tela lisirudi nyuma! Unaingia New York, maili chache tu mbele, umeshakuwa hero, shujaa. Shujaa wa vita gani sijaambiwa. Na kwingineko karibu kote ni sub, kwa maana ya nyambizi.

Mara moja nilipewa mzigo wa New Orleans. Kule mwenzake anaitwa po'boy, mtoto maskini. Hii angalau ina historia ya kiutu: mwaka 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma, na ndugu wawili wa ukoo wa Martin, ambao waliwahi kufanya kazi kwenye tramu hizo kabla ya kufungua mgahawa, wakawa wanawalisha wagomaji bure. Akitokea mgomaji mlangoni wanasema, huyo anakuja maskini mwingine. Jina likaganda. Nikafurahi, nikaenda. Nilipofika mimi mgomo ulikuwa umekwisha. Nililipa.

Sisi kwetu makande, Wakenya githeri, basi tumemaliza, hatujasumbua mtu.

Sasa niliporudi Philadelphia kutoka safari moja hiyo, kichwa kimejaa majina, nikafika kwa mzee kifua pipa nikasema, "Nipe sub." Kisu kikasimama. Foleni ikanyamaza. Ilikuwa kama nimeingia msikitini na viatu. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, kwa huruma kabisa, "Hoagie, mpenzi. Hapa ni hoagie."

Na hata hilo jina, laiti nisingeuliza lilikotoka. Mimi ni Mwislamu. Ile hoagie ya Kitaliano, ambayo ndiyo mama yao wote, ndani iko hivi: capicola, kitimoto. Prosciutto, kitimoto. Salami, kitimoto aliyevaa suti. Nikajiambia, sawa, nyama hainihusu, labda jina lina asili njema. Nikamuuliza mzee siku ambayo foleni ilikuwa fupi. Akafurahi, akaweka kisu chini. Anasema wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hapa kulikuwa na kiwanda kikubwa cha meli, watu zaidi ya 30,000, kikaunda meli 122, na vibarua wa Kitaliano walikuwa wakibeba mikate hii kwenda kazini. Kiwanda kilikuwa mahali panapoitwa Hog Island.

Yaani Kisiwa cha Nguruwe.

Mzee mwingine kwenye foleni akadakia, hapana, huo uongo, jina limetoka kwa Al De Palma, mpiga muziki wa jazi, aliyewaona wenzake wanakula mkate mkubwa namna hii akasema mtu lazima awe nguruwe ndio aumalize. Baadaye huyo huyo akafungua duka, akawa anaiuza. Wakabishana pale dakika kumi nzima. Mimi nimesimama katikati, nageuka huku nguruwe, nageuka kule nguruwe.

Na bado. Hicho Kisiwa cha Nguruwe leo ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Philadelphia. Maana yake siku naingia Marekani, dua ya safari mdomoni, kanzu nimeikunja vizuri kwenye begi, ndege ilinishusha pale pale.

Kwa hiyo nimebaki na hoagie ya jodari. Bata mzinga nilimjaribu, lakini anakatwa kwenye mashine ile ile aliyotoka kupita mwenye suti, na nikimwomba mzee aifute ananitazama kama nimemwambia anyoe. Jodari basi. Tazama mambo hayo: mtoto wa Tanga, bahari nimeiacha mlangoni, nimevuka dunia nzima kuja kula jodari wa kopo.

Kuila nako ni mtihani mwingine. Ukiuma mbele, vitu vinatokea nyuma. Mafuta yanashuka mkono mpaka kwenye kiwiko. Saladi ile ya nyuzi inaingia kwenye gia, kwenye mkanda, chini ya kiti. Mke wangu alipanda tela siku moja akachungulia huku na huku, akaniuliza, "Baba Zuhura, umeanza kufuga mbuzi humu?"

Wenzangu wananiambia achana nayo, nenda Philadelphia Magharibi ukale steki, ile nyama ya kuchoma ndani ya mkate. Kweli mji huu una Waislamu wengi, na steki halali yenye jibini hutafuti kwa tochi. Na ninaila, tena naipenda. Hiyo hadithi yake inaanzia mwaka 1930: Pat Olivieri, mwuza soseji wa pale soko la Waitaliano, alijichomea nyama yake mwenyewe akaitia kwenye mkate, akapita dereva wa teksi, harufu ikamkamata, akasema nipe kama hiyo, soseji achana nazo. Unaona? Dereva ndiye aliyejua. Jina likaenda kwa mwuza soseji.

Lakini steki nayo ina mtihani wake. Pale wanakuuliza jibini gani, halafu unatakiwa useme "wit" au "wit-out", yaani vitunguu viwemo au visiwemo, na uiseme haraka, bila salamu. Mimi mtu wa pwani, siwezi kumwambia mtu "wit" kabla sijamuuliza za asubuhi. Nikianza kuuliza za asubuhi, foleni inahema.

Juzi nikasema imetosha. Usiku mzima, toka Connecticut, nimejifunza majibu kwa moyo kama Juzuu Amma: nzima, jodari, provolone ya kawaida, mafuta, vitunguu, pilipili tamu, oregano, ya kuondoka nayo. Nimeegesha tela mbali, nimetembea. Foleni imesogea. Nimefika mbele, kifua nje, nikamimina yote kwa pumzi moja, sikukosea hata moja. Nyuma yangu hakuna aliyehema. Mzee kifua pipa akanitazama kwa heshima, naapa, kwa heshima. Akanyoosha mkono kwenye kapu la mikate. Akageuka.

"Mkate wenye ufuta, au usio na ufuta?"