Mwalimu wa tuisheni wa miaka 17

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, mitaani kwetu Tanzania huibuka walimu wapya wa tuisheni. Cheti hawana, matokeo yao hayajatoka, na wakibisha hodi kuomba kufundisha huulizwa swali moja: hujui hata kama umefaulu, mwanangu utamfundisha nini?

Swali ni la haki. Mtoto akikaririshwa njia mbovu ya kujumlisha sehemu, kumwondolea ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya, na mzigo huo huishia kwa mwalimu aliyesomea. Hilo nakubali bila kusita.

Ila tuitazame kalenda. Mtihani Novemba, matokeo kwa kawaida Januari, kidato cha tano Julai. Ni takriban miezi minane ya kusubiri, katika umri wa miaka 16 au 17. Mwenye uwezo hulipiwa kozi ya kompyuta. Wa kiume asiye nacho huenda kubeba zege, wa kike hugeuzwa yaya wa wadogo zake, na wote wawili Fizikia inawatoka kichwani polepole. Miezi minane! Hakuna anayewauliza wanaipitishaje, mpaka siku wakitaka kufundisha.

Na nyumba ya pili yupo aliyemaliza darasa la saba Septemba, anangoja kidato cha kwanza Januari. Kama wengi wa shule za serikali, amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo litageuka Kiingereza. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 12 na 18 anaitafuta haraka; mwandikie LCM, jina lake la Kiingereza kwa kifupi, anainamisha kichwa. Kijana aliyekwama hapo hapo miaka minne iliyopita anajua tatizo liko wapi. Kibarazani, watoto watano kwenye mkeka, anawaambia: "Ni ile ile KDS yenu. Haya, andikeni vigawe vya 12." 12, 24, 36. Kisha vya 18. Wanaikuta 36 wenyewe. Mwalimu mzoefu analijua somo kuliko yeye, lakini mwenye darasa lililofurika hapati nafasi ya kukaa chini na watano.

Kinachonitia hofu mimi ni usalama, hasa wa binti anayeitwa kufundisha ndani ya nyumba asiyoijua, na wenye vituo vya tuisheni wanaowatumikisha vijana hawa. Mtoto huja na mia mbili au mia tano yake ya siku, mwenye kituo anakusanya, anayefundisha anaambiwa "nitakuona". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Kwa hiyo tuisheni ya saa tatu usiku haifai, hata mzazi akiitaka.

Kazi yenyewe huanzia kwa jirani: mama mmoja akiona daftari la mwanawe limebadilika, anamwambia mwenzake bombani. Basi kijana aanze na watoto wa mtaani kwake, mchana, kibarazani pa wazi, kwa masomo aliyoyamudu. Januari, matokeo yakitoka, mzazi wa mtoto aombe kuona alama za kijana huyo za Hisabati. Na malipo kijana ayapokee mwenyewe, kila Ijumaa, kiasi kikiwa kimetajwa mbele ya mzazi wake kabla ya kipindi cha kwanza.