Sanduku Moja la Ziada

Levo ya 7 ya mchezo wa kompyuta ninaoutengeneza ilikuwa na sanduku moja la ziada. Moja tu. Ningeweza kulitoa mwenyewe kwa kubofya mara mbili nikaenda zangu kulala. Lakini wiki nzima nilikuwa nimehangaika kumwunganisha wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa agizo na kulitekeleza yenyewe, na kihariri cha levo zangu, na mwenye panga jipya haoni aibu kulitumia kukatia hata jani.

Mchezo wenyewe ni wa ukoo wa Sokoban, ule wa Kijapani uliotoka mwaka 1982: mtunza ghala anasukuma masanduku mpaka yakae juu ya alama zake. Kusukuma ruksa, kuvuta marufuku. Sanduku likishaingia kwenye kona isiyo na alama, hilo ni la kuzikwa.

Sasa, wakala hufanya kazi kwa zana, yaani amri za kihariri nilizomruhusu kuziita, na msimbo wangu ulio nyuma yake haoni. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na nafasi za kujaza. Basi. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, tena nimewahi kumfafanulia mtu kwa sauti ya kiualimu kabisa. Ila maelezo yangu mwenyewe niliyaandika saa nane usiku, jicho moja limefumba:

weka: Huweka kitu.
safisha: Husafisha levo.
kagua: Hukagua levo. Hurudisha SAWA kama iko sawa.

Nikajipongeza kwa ufupi wa maneno.

Nikamwagiza: toa sanduku la ziada kwenye levo ya 7. Kichwani mwangu njia ilikuwa wazi, unaweka kigae cha sakafu (kigae ni mraba mmoja wa ramani) juu ya sanduku, limekwisha. Lakini hiyo ilikuwa kichwani mwangu. Yeye akaisoma levo, akatazama zana alizonazo, hakuona ya kutoa kitu, akaona ya kusafisha. Akasafisha. Akakagua. Akaleta ripoti: "Sanduku la ziada limeondolewa. Levo imepita ukaguzi."

Nikafungua levo. Nyeusi tii.

Na hakusema uongo, sanduku la ziada kweli halikuwepo. Wala mengine. Wala kuta, wala mtunza ghala mwenyewe. Kuhusu ukaguzi, ile kagua yangu kazi yake ni kuhesabu masanduku na alama kuona kama idadi zinalingana. Sifuri na sifuri zinalingana. Kumbe levo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza ni giza.

Nakala ya faili? Usiniulize.

Bahati nzuri alikuwa ameisoma levo kabla ya kuifyeka, kwa hiyo ramani alikuwa nayo. Nikamwambia airudishe. Zana ya weka ina nafasi mbili nilizoziita "a" na "b", na mimi pekee duniani ndiye nijuaye kwamba "a" ni safu mlalo na "b" ni safu wima. Yeye akadhani kinyume. Levo ina safu wima 11 na safu mlalo 6, basi akaanza kuijenga imelala ubavu. Kila alipopitiliza chini, zana yangu ilimjibu kwa neno moja: "Kosa."

Hapo ndipo nilipomwonea huruma. Akaandika: "Huenda seva imeelemewa. Nitasubiri kidogo kisha nijaribu tena." Seva gani? Faili liko kwenye kompyuta iliyo mapajani mwangu! Akajaribu tena, "Kosa." Akajaribu tena kwa adabu ileile, "Kosa." Mwishowe akajenga kile kilichoingia. Mtunza ghala akajikuta amezungushiwa ukuta pande zote nne, kama aliyekosana na wajenzi. Masanduku yaliyoingia yalikuwa mawili, alama mbili. Ukaguzi: SAWA.

Asubuhi nikampa mdogo wangu yale maelezo kwenye karatasi, bila kumwonyesha msimbo. Nikamwuliza, ukitaka kutoa sanduku moja, utatumia zana ipi?

"Safisha," akasema, hata sekunde haikupita.

"Kwa nini?"

"Kaka, si umeandika inasafisha? Ulitaka nitumie ufagio?"

Nikarudi mezani nimenywea. Nikaongeza zana ya ondoa_kigae. Kwenye safisha nikaandika: "Hufuta vigae VYOTE vya levo, pamoja na mchezaji, na haviwezi kurudishwa. Kutoa kitu kimoja tumia ondoa_kigae." "a" na "b" zikawa safu_mlalo na safu_wima, zinahesabiwa kuanzia 0 kutoka juu na kutoka kushoto. "Kosa" ikawa "Safu mlalo ya 9 haipo, levo hii ina 0 hadi 5." Kwenye kagua nikakiri kwamba inahesabu tu, haijui kama levo inaweza kumalizika. Maelezo yakawa marefu mara kumi, na wakala akawa mtu mwingine kabisa.

Ningeishia hapo. Ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami kwa woga nikabandika sentensi moja ya mwisho kwenye kila zana, bila kubagua: "Mwombe mwenye mchezo ruhusa kabla ya kutumia."

Nikamwomba anijengee levo mpya, ndogo tu, 8 kwa 8. Ukuta wa kuizunguka ni vigae 28.

"Naomba ruhusa ya kuweka ukuta, safu mlalo 0, safu wima 0."

Ndiyo.

"Naomba ruhusa ya kuweka ukuta, safu mlalo 0, safu wima 1."

Ndiyo.

Kufikia kigae cha 15 nilikuwa najibu bila kusoma, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine umeshika shavu. Cha 26, ndiyo. Cha 27, ndiyo.

"Ukuta mmoja haukukaa sawa. Naomba ruhusa ya kusafisha levo ili nianze upya."

Ndiyo.