Biopsi haijaondolewa, ndugu mwandishi

Kichwa cha habari yenu kinasema mwanga sasa "unachukua nafasi ya biopsi", yaani kile kipimo cha kukata kinyama kidogo kikapimwe maabara, kwenye saratani ya matiti. Hapana jamani. Mwanga huo unatokana na Lumisight, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2024; ni dawa anayochomwa mgonjwa kwenye mshipa, saa 2 hadi 6 kabla ya kupigwa picha. Vimeng'enya (protini zinazokatakata vitu mwilini) vilivyojaa kwenye saratani huikata, nayo ndiyo inaanza kung'aa. Daktari akishatoa uvimbe, anaingiza kamera ndogo ya mkononi ndani ya tundu lililobaki na kutafuta masalia. Biopsi ilishafanyika zamani, na kile kinyama kilichotolewa bado kinakwenda maabara.

Faida yake naijua kwa uchungu. Dada yangu alitolewa uvimbe, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu. Wiki tatu baadaye simu ikaita: kingo si safi, yaani saratani imeonekana hadi pembezoni mwa kinyama kilichotolewa, arudi tena kukatwa. Plasta ya mshono wa kwanza bado ilikuwa kifuani.

Halafu mbona hamkutaja kwamba dawa hiyo inaweza kuleta mzio mkali wa kuhatarisha maisha? Onyo hilo limo kwenye karatasi yake.