Nyongeza ya pensheni kwa walimu wa Marekani: haki iliyochumwa au deni la mjukuu?

Novemba 2011 jimbo la Rhode Island, dogo kuliko yote Marekani, lilipitisha sheria iliyosimamisha nyongeza ya kila mwaka ya pensheni za walimu na watumishi wengine wa umma. Ingerudi pale tu mfuko utakapokuwa na asilimia 80 ya fedha zinazohitajika kulipa mafao yote. Aliyeisukuma sheria hiyo, Gina Raimondo, mweka hazina wa jimbo wakati huo, ni Mdemokrati, chama ambacho kwa kawaida husimama na vyama vya walimu. Alisema ni suala la hesabu tu: fedha hazipo. Wastaafu wakaenda mahakamani, wakaishia kwenye suluhu ya mwaka 2015 iliyowapa nyongeza ndogo za mara moja moja. Ilipofika 2024 ndipo jimbo likairudisha nyongeza ya kila mwaka kwa waliostaafu kabla ya Julai 2012, likashusha na kile kizingiti hadi asilimia 75. Aliyestaafu akiwa na miaka 70 wakati sheria inapita alikuwa ameshavuka 80.

Wastaafu nao wana hesabu yao, na si ngumu. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, pensheni isiyoguswa kwa miaka 20 hununua asilimia 55 hivi ya ilichonunua siku ya kwanza. Hakuna aliyeikata, imekatika yenyewe, tena katika umri ambao dawa na matunzo ndivyo vinavyomaliza fedha. Kwa hiyo wanaposema kwamba nyongeza si bakshishi bali ni sehemu ya pensheni yenyewe, nakubaliana nao moja kwa moja. Aliyeahidiwa kuishi kwa pensheni hakuahidiwa tarakimu kwenye karatasi.

Kuna jambo ambalo wakosoaji wengi wa nyongeza hizi hulipita haraka. Takriban asilimia 40 ya walimu wa shule za umma Marekani hawamo katika Hifadhi ya Jamii, ule mfumo wa taifa wa mafao ya uzeeni. Walimu wa Illinois, Ohio, Colorado na sehemu kubwa ya Texas hutegemea mfuko wa jimbo peke yake. Mafao ya Hifadhi ya Jamii hupandishwa moja kwa moja kufuata bei tangu 1975, na Januari 2023 yalipanda kwa asilimia 8.7. Lakini Julai 2022, mwezi mmoja baada ya mfumuko wa bei kugonga asilimia 9.1, walimu wastaafu wa Colorado walipata asilimia 1. Sheria yao iliwahi kutaja 3.5. Ikapunguzwa mwaka 2010, ikapunguzwa tena 2018, na safari hiyo ya pili nyongeza ikasimamishwa miaka miwili mizima. Anayewaambia wastaafu hawa wakaze mkanda kama raia wengine anasahau kwamba raia wengine walilindwa.

Hata hivyo si kila nyongeza inayotetewa ni kinga dhidi ya bei. Illinois ndiyo inayowapa wakosoaji silaha yao kali. Mwalimu aliyeajiriwa huko kabla ya 2011 akistaafu hupata asilimia 3 kila mwaka, juu ya pensheni ambayo tayari imekwisha kuongezwa, bei zipande au zisipande. Kwa mwendo huo pensheni huwa maradufu baada ya miaka 24 hivi. Katika muongo wa 2010, bei zilipopanda kwa wastani usiofika asilimia 2, hicho hakikuwa kinga, kilikuwa ni kuongezwa kipato. Na kwa kuwa ni asilimia, mwenye pensheni nono, tuseme mkurugenzi wa elimu wa wilaya, huongezewa fedha nyingi kuliko aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote.

Sasa mtazame mwalimu aliyeajiriwa Illinois kuanzia 2011. Anakatwa asilimia 9 ya mshahara, sawa na waliomtangulia. Nyongeza yake itakuwa nusu ya mfumuko wa bei na isizidi asilimia 3, tena ikihesabiwa kwenye pensheni ya mwanzo tu. Wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanafundisha mtaala mmoja, na mdogo ndiye anayesaidia kuubeba mzigo wa mkubwa.

Mzigo huo aliuzua nani? Walimu hawakuwahi kukosa kuchangia, kwa sababu makato hutoka kabla mshahara haujawafikia. Waliokwepa ni wanasiasa. New Jersey ilitoa michango pungufu miaka nenda miaka rudi. Illinois ilijiwekea mwaka 1994 mpango wa kulipa kidogo mwanzoni na kikubwa baadaye, hadi 2045. Ile “baadaye” ndiyo hii ya leo. Kauli kwamba mfuko hauna fedha ni kweli, ila inaanza hadithi katikati.

Mahakama hazijawapa wastaafu jibu moja. Mei 2015 Mahakama ya Juu ya Illinois ilitupa nje sheria ya kupunguza mafao, kwa kuwa katiba ya jimbo ya 1970 inakataza waziwazi. Colorado mwaka 2014 na New Jersey mwaka 2016, majaji walisema nyongeza haikuwa haki ya kimkataba. Ahadi ni ileile, hatima zikapishana kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa zamani, kwa hiyo kutegemea mahakama peke yake ni kama kucheza bahati nasibu.

Texas ilifuata njia nyingine. Novemba 2023 wapiga kura waliridhia dola bilioni 3.3 kutoka hazina, na wastaafu wakapata asilimia 2, 4 au 6 kulingana na mwaka waliostaafu. Hakuna deni lililoachwa. Ila waliostaafu baada ya Agosti 2004 walikuwa hawajawahi kuongezewa kabla ya hapo, na mfumuko ujao utawakuta tena mlangoni kwa wabunge, kofia mkononi.

Mimi ningewashauri wastaafu waitetee nyongeza inayofuata bei halisi na waache kung'ang'ania kiwango kisichobadilika. Maine, pamoja na ubaya wa kugandisha nyongeza kwa miaka mitatu kuanzia 2011, iliingiza wazo linalofaa: nyongeza ihesabiwe kwenye dola 20,000 za kwanza za pensheni, ili mwenye kidogo asiachwe nyuma. Na madai hayo wayapeleke bungeni pamoja na walimu vijana, kanuni iwe moja kwa wote. Mstaafu wa Illinois anayedai asilimia 3 yake huku akinyamazia nusu ya mfumuko anayopewa mwenzake aliyeajiriwa kuanzia 2011 atapata shida kumshawishi mtu kwamba anatetea ualimu.