Mita ya LUKU haina mtandao, na mimi bado naitetea

Wiki iliyopita nilibishana na kijana mmoja wa mtaani kwetu, amemaliza chuo mambo ya kompyuta, kichwa chake kizuri tu. Yeye anasema mita ya LUKU, hii ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia, imepitwa na wakati, dunia nzima vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe halafu sisi bado tunabonyeza namba 20 kwa kidole. Anataka mita janja, ulipe kwenye simu uniti ziingie zenyewe, basi. Nikamwambia mdogo wangu una hoja, tena nzito, ila kuna upande hujaugusa kabisa. Hatukumaliza maana alikuwa anawahi daladala, kwa hiyo naandika hapa yote, ya kwake na ya kwangu.

Kwanza tuielewe hiyo namba, maana wengi tunaichukulia kama vocha ya simu na siyo vocha. Vocha ni namba ambayo seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni, inaijua, ukiingiza, simu inaenda kuuliza huko kampuni kama ipo na kama imeshatumika. Mita ya LUKU haina wa kumuuliza. Haina laini, haina intaneti, iko ukutani au juu ya nguzo peke yake na mvua yake na jua lake. Kwa hiyo ile namba yenyewe ndo ujumbe mzima. Namba 20 zinabeba biti 66, yaani sifuri na moja 66 za kikompyuta, na humo ndani wamepakia aina ya tokeni (ndo jina la hiyo namba 20), kiasi cha uniti, muda ilipotengenezwa, na namba ya uhakiki ya kugundua kama umekosea kubonyeza, halafu mzigo huo ukafungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako tu, ndo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata mfanyeje. Watu wanasema LUKU haina mtandao. Mtandao upo, ila mtandao ni wewe. Wewe na simu yako na kidole chako ndo waya unaounganisha kompyuta za TANESCO, shirika letu la umeme, na mita yako.

Na hapo kwenye muda ndo kuna kitu ambacho mi nikikifikiria huwa nakaa kimya kidogo. Ule muda uliomo kwenye tokeni unahesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Sasa ungedhani mita nayo lazima iwe na saa ili ilinganishe, lakini haihitaji saa. Inachokumbuka ni orodha ya tokeni za mwisho ilizopokea. Ukiirudishia iliyoko kwenye orodha inakataa, ukiipa iliyo ya zamani kuliko zote ilizozikumbuka inakataa, ukiipa mpya inakubali. Yaani tatizo la mtu kutumia malipo yaleyale mara mbili, ambalo mabenki yanalitatua kwa seva kubwa na mtandao usiolala, hapa limetatuliwa na kichipu kidogo chenye memori ndogo sana ambacho hata hakijui leo ni siku gani. Uhandisi wa namna hiyo naupenda mno.

Mfumo huu wa tokeni unaitwa STS (Standard Transfer Specification) na ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eskom, shirika la umeme la kule, walipokuwa wanapeleka umeme kwenye townships, yaani mitaa ya watu weusi pembeni ya miji, na vijijini, sehemu ambazo simu ya waya haipo, anwani ya nyumba haipo, na mtu analipwa kwa wiki au kwa siku siyo kwa mwezi. Wakabuni kwa hali iliyopo. Miaka hiyohiyo, mwaka 1991, Mark Weiser, mtafiti wa kompyuta pale maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, Marekani, alikuwa anaandika kuhusu kompyuta zitakazozama ndani ya maisha mpaka watu wasizione tena, na kule chuo kikuu cha Carnegie Mellon kina Satyanarayanan walikuwa wanajenga mfumo wa mafaili, Coda, ambao kompyuta yako inaendelea kufanya kazi hata ukikatika kwenye seva, mkikutana tena mnapatanisha hesabu. Hizo mbili ndo nguzo za fani nzima ya vifaa vya mkononi na kompyuta zilizosambaa kila mahali: kifaa kisikusumbue, na kukatika kwa mtandao kichukuliwe kama hali ya kawaida siyo ajali. Hiyo ya pili LUKU inaifanya vizuri kuliko simu nyingi za laki nane. Ya kwanza ndo hapo kijana ananishika.

Maana twende Novemba 2024. Ile hesabu ya dakika walikuwa wameitengea biti 24 tu, na biti 24 zinahesabu mpaka dakika 16,777,216 basi, ambayo ni kama miaka 32 kasoro. Kuanzia 1993 ukipiga hesabu inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ikijaa inarudi sifuri, na tokeni yenye sifuri kwa mita inaonekana ya zamani kuliko zote, kwa hiyo mita ingekataa kila unachonunua kuanzia siku hiyo. Siyo Tanzania tu, Kenya, Uganda, Afrika Kusini, kila nchi yenye mita za STS ilikuwa na tarehe hiyohiyo. Na kwa sababu mita hazina mtandao hakuna mtu anayeweza kuzirekebisha akiwa ofisini. Dawa ikawa moja, kila mteja aingize mwenyewe kwa mkono.

Mi nilikuwa kwa shangazi Morogoro. Amenunua LUKU ya elfu tano imekuja meseji ndefu ina mafungu matatu, kila fungu namba 20, jumla namba 60. Shangazi alikuwa ameshajaribu mara mbili na mita imekataa, amekaa kwenye kigoda na kirimoti cha LUKU mkononi, miwani imeshuka puani. Kumbe alikuwa anaingiza lile fungu la tatu tu, ananiambia mwanangu uniti si ziko huku mwishoni, haya mengine ya nini? Na hapo hakuwa mjinga hata kidogo, maana meseji haikumweleza. Yale mafungu mawili ya mwanzo hayabebi uniti, yanabeba ufunguo mpya, na yapo mawili kwa sababu ufunguo hauenei kwenye tokeni moja, wameukata vipande viwili. Mita ikishaupata inafuta kumbukumbu ya zamani, na muda wa tokeni mpya unahesabiwa upya kutoka 2014. Fungu la tatu limefungwa kwa huo ufunguo mpya kwa hiyo bila yale mawili mita hailielewi. Tukaanza upya, yeye anasoma nne nne, mi nabonyeza, tukifika katikati anasema subiri nimepoteza mstari. Tulimaliza ikakubali. Sasa zidisha hiyo kwa mamilioni ya nyumba, zidisha kwa mzee anayeishi peke yake, kwa asiyeona vizuri, kwa mwenye kirimoti ambacho kitufe cha 7 kimekufa.

Hapo kijana ana haki. Mita yenye mtandao ingesasishwa saa nane usiku watu wamelala, asubuhi wanaamka hawajui kama kuna kitu kilitokea. Weiser alikuwa anaongelea kitu kama hicho.

Na siyo hilo tu. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa chuo kikuu cha Cambridge, ambaye miaka ile ya 1990 alizifanyia kazi mita hizi za Afrika Kusini upande wa usalama, alieleza mkasa wa mita za kampuni moja ambazo umeme ukishuka mpaka volti 160 hadi 180 zinachanganyikiwa na kujijaza uniti mpaka mwisho. Watu wakagundua, wakawa wanarusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za kilovolti 11 ili umeme uyumbe na mita za mtaa mzima zijijaze. Kosa lilikuwa dogo tu ndani ya programu, lakini likishakuwa kwenye mita zilizofungwa tayari majumbani na hazina mtandao, unalirekebisha kwa kwenda na bisibisi nyumba kwa nyumba. Ukiongeza na wanaojiunganishia umeme kabla ya mita, na kwamba umeme ukikatika kwako shirika halijui mpaka upige simu, unaona kabisa kukosa mtandao kuna bei, na bei yenyewe inalipwa kila siku.

Sasa upande wangu. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU uligoma nchi nzima kwa siku kadhaa, watu wakajaa kwenye ofisi za TANESCO. Ilikuwa shida kubwa na sitaki kuipunguza. Lakini angalia kilichoharibika ni nini. Kiliharibika kununua. Aliyekuwa na uniti zake kwenye mita aliendelea kuwasha taa kama kawaida, friji ya samaki wa mama ntilie mwenye akiba haikujua kama kule Dar seva zimelala. Hesabu ya uniti iko kwa mteja, siyo kwenye seva. Ukihamisha ile hesabu ukaiweka makao makuu na mita ikawa inauliza tu "huyu bado ana hela?", umechukua hitilafu iliyokuwa inazuia kununua umeigeuza hitilafu inayoweza kuzima nyumba, na tena kwa mpigo.

Kingine ni umri wa vitu. Mita unaifunga ukutani ikae miaka 15, 20. Mitandao ya simu haikai hivyo. Uingereza walifunga mita janja za kizazi cha kwanza, wanaziita SMETS1, mteja akihama kampuni ya umeme nyingi zilipoteza ujanja wake zikabaki mita za kusomwa kwa macho, mpaka zilipokuja kuhamishiwa kwenye mfumo mmoja wa taifa. Na kampuni za simu kule zimeshasema mtandao wa 2G hautavuka 2033, 3G wameshaizima, kwa hiyo kila mita iliyotegemea laini hizo lazima ifikiriwe upya. Kidole cha shangazi hakijabadilishwa kizazi. Tokeni ileile unaipata kwa meseji, kwa karatasi ya wakala, kwa kupigiwa simu na mtoto aliyeko Muscat kakununulia, unaiandika hata kwenye kiganja, na mita haijali imefikaje.

Halafu kuna hili ambalo linanitisha kuliko yote. Mita janja nyingi zina swichi ya kuzimwa kwa mbali. Anderson huyohuyo na mwenzake Shailendra Fuloria mwaka 2010 waliuliza hiyo swichi ya kuzima iko mkononi mwa nani, maana mtu akiingia kwenye mfumo ule hahitaji bomu, anazima mji mzima akiwa amekaa kwenye kiti. LUKU ya sasa hata ukiiba mfumo wa kuuza, utatengeneza tokeni za bure, ni wizi mkubwa, ila huwezi kuzima hospitali.

Habari ya faragha nitaigusa kidogo. Miaka ya 1980 George Hart, mtafiti pale chuo cha MIT Marekani, alionyesha kwamba ukipima umeme wa nyumba kwenye mita tu, bila kuingia ndani, unaweza kutambua kifaa gani kimewashwa na saa ngapi. Mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa sheria ya kulazimisha kila nyumba ifungwe mita janja, na faragha ilikuwa sababu kubwa. Kwetu ambako baba mwenye nyumba na wapangaji sita wanachangia mita moja na ugomvi wa nani ana pasi tayari upo, sipati picha vizuri hiyo data ikimfikia mtu mmoja itakuwaje.

Kwa hiyo nasimama wapi? Siyo kwamba mita zibaki hivi milele, hapana. Ninachosema, tunabishana vibaya tukiuliza mtandao uwepo au usiwepo. Swali la mhandisi ni mtandao ukikatika kifaa kinafanya nini, na jibu liandikwe kabla ya mita moja kununuliwa. Mi ningetaka uniti zihesabiwe ndani ya mita, muda wote. Mtandao ukiwepo ulete uniti moja kwa moja, urekebishe programu ikiwa na sahihi ya siri inayohakikiwa na mita yenyewe, utoe taarifa umeme ukikatika. Usipokuwepo, wiki au mwaka, nyumba isitikisike. Kuzima kwa mbali kuwekewe breki ndani ya mita ili isiwezekane kuzima maelfu kwa dakika moja. Na vile vitufe vibaki, hata kama mtu hatavigusa miaka kumi, maana siku seva imelala au laini imezimwa ndo njia pekee ambayo haihitaji ruhusa ya mtu.

Kijana atasema vitufe vinaongeza gharama. Kweli vinaongeza, na modemu, kile kifaa cha kuunganisha mita na mtandao, inaongeza zaidi, na laini ya simu kwenye kila mita inalipiwa na mtu, na sote tunajua mtu huyo ni nani. Tukiwa tunalipia vyote tulipie na vitufe.

Afu kitu cha mwisho nilichotaka kumwambia kabla hajapanda daladala. Hesabu mpya imeanzia 2014 na biti ni zilezile 24. Piga dakika 16,777,216 kutoka hapo, unaangukia Novemba 2045. Mita zinazofungwa leo nyingi zitakuwa zimechoka kufikia hapo, ila zitakazofungwa 2035 zitakuwa ukutani bado zinafanya kazi, na wanaoamua zitakuwa na nini ndani wako vyuoni sasa hivi, yeye akiwa mmojawapo.