Matangazo ya nyuma ya nota: yafutwe au yaachwe?

Chukua nota za wimbo uliochapwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ugeuze ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utakuta vipande vya nyimbo nyingine tatu nne, nota na maneno yake, vimekatwa pale pale utamu unapokolea, na ombi kwamba uvijaribu kwenye piano yako. Redio ilikuwa bado haijaingia majumbani, hivyo wachapishaji wa Tin Pan Alley, mtaa wa biashara ya nyimbo mjini New York, walikuonjesha bidhaa kwa vidole vyako mwenyewe. Naupenda mno ujanja huo.

Wapo wanaotaka matoleo mapya yasafishwe, yabaki na muziki mtupu, na hawakosi hoja. Baadhi ya matangazo yalikuwa uongo. Nchini Uingereza, wenye vidonge vya Beecham's walitoa makusanyo ya nota yaliyobeba jina la dawa yao. Kisanduku kilinadiwa kuwa na thamani ya gini moja, yaani shilingi 21, na huku kikiuzwa shilingi moja na ushei. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilivichunguza, na mwaka 1909 kikaeleza kilichomo: shubiri, tangawizi na sabuni.

Lipo linalouma zaidi. Kwenye baadhi ya orodha za nyimbo zinazotangazwa nyuma ya nota, nyimbo za kuwadhihaki Waamerika weusi zimepangwa bega kwa bega na nyimbo za mapenzi, kama bidhaa ya kawaida kabisa. Siwezi kumlaumu anayetaka ukurasa huo uondoke machoni pake.

Hata hivyo, kufuta sikubali. Mwaka wa hakimiliki ulioandikwa chini ya ukurasa wa kwanza hubaki ule ule hata wimbo ukichapwa tena baada ya miaka kumi. Nakala yenye mwaka 1905, ikiwa nyuma yake panatangazwa wimbo uliotoka 1912, haiwezi kuwa ilichapwa 1905. Ukiung'oa ukurasa huo, umeng'oa shahidi. Na zile orodha za dhihaka zinaonyesha kwamba chuki iliuzwa waziwazi, sebuleni, na wachapishaji wenye majina yao. Mimi ningeziacha na kuziwekea maelezo kando.

Mpiga piano achape kurasa za ndani tu, zinamtosha. Ila maktaba inaponakili kwa skana, inakili jalada mpaka jalada, hata kale kailani kadogo ka mwaka 1918 kanakosema karatasi imepunguzwa ukubwa kwa sababu ya vita.